Pongezi kwa Wapiga Picha wa Natron

Maji ya magadi ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, hayana mzaha. Mwaka 1954 Leslie Brown, mtaalamu wa ndege aliyeishi Kenya, alijaribu kuyafikia kwa miguu mazalia ya heroe wadogo. Matope yakamuunguza miguu hata akalazwa hospitali. Kwa hiyo nawavulia kofia wanaokwenda huko na kamera.

Kiota chenyewe ni kichuguu cha matope chenye kibonde juu, na ndani yake yai moja tu. Kifaranga hutoka akiwa wa kijivu, si waridi kama wazazi wake. Kumpata kunataka lenzi ndefu, maficho na subira. Jua likishapanda, hewa huanza kucheza na picha yote hutetemeka, basi kazi ni ya alfajiri.

Ila ninachowasifia zaidi ni picha wanazokubali kuzikosa. Ukisogea mno, wazazi huruka, mayai hubaki bila kinga na marabu hujipatia karamu. Droni nayo ni balaa, hata video yake ikipendwa vipi mtandaoni. Aliyejibana mbali akarudi na picha isiyo na mbwembwe, huyo ndiye fundi, na wahariri wamlipe vizuri.