Bei ya Ukimya: Funzo la Peru

Wapo wanaodhani kwamba demokrasia huuawa kwa mtutu wa bunduki tu. Makala ya mwaka 2004 ya wachumi John McMillan na Pablo Zoido, kuhusu Peru ya Rais Alberto Fujimori, inasahihisha kosa hilo. Uchaguzi ulifanyika, Bunge lilikaa, mahakama zilihukumu. Lakini Vladimiro Montesinos, bwana mkubwa wa ujasusi, alivinunua vyombo hivyo kimoja kimoja, akaweka na kumbukumbu.

Jambo la msingi ni bei. Hongo ya kawaida ya mwenye televisheni ilikuwa kama mara 100 ya ile ya mwanasiasa, na ya hakimu ilikuwa ndogo zaidi. Ni dhahiri kwamba mtoa rushwa aliogopa wananchi kujua kuliko alivyoogopa sheria.

Hapo uchambuzi ni imara. Upungufu wake ni kwamba bei hueleza nani aliogopwa. Haielezi nani alisimama. Julai 2000 maelfu waliandamana Lima kupinga muhula wa tatu wa Fujimori. Septemba 14, Canal N, stesheni ndogo ya kulipia, ilionyesha mkanda wa Montesinos akimhonga mbunge wa upinzani dola 15,000 ahamie upande wa serikali. Novemba Fujimori alijiuzulu kwa faksi akiwa Japani.

Kada ajifunze hivi: chombo kuwapo si ushahidi kwamba kinawatumikia wananchi. Tuulize daima: nani anakilipa, na nani anaruhusiwa kukikagua?