Dodoso Kwanza, Faili Baadaye

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea jedwali lililokuwa limemkosesha usingizi. Mwaka 2012 Mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu milioni 2.7; mwaka 2022 wakawa milioni 2.3. Alikuwa ameshaandika kurasa nne za sababu: vijana kukimbilia Dar es Salaam, bei ya kahawa, mashamba kuchoka. Kurasa safi, zinasomeka vizuri. Ila Mbeya haikupungukiwa na watu, ilipungukiwa na wilaya. Mwaka 2016 upande wake wa magharibi, Mbozi, Ileje na Momba zikiwamo, ulimegwa ukawa Mkoa wa Songwe, na sensa ya 2022 ikaukuta una watu milioni 1.3. Jumlisha mikoa hiyo miwili, unapata karibu milioni 3.7.

Mafaili yake yote mawili yalikuwa sahihi, na yote yalitoka kwa wenyewe, Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS). Alichokosa ni ule ukurasa wa maelezo unaokaa kando ya faili, ambao hakuubofya. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama data fulani ni nzuri, sianzi na data. Wanunuzi wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, hawahangaiki na magamba yanayong'aa, maana maji ya ndoo huyang'arisha hata ya juzi. Wanafunua shavu. Shavu la data ni makaratasi yake: dodoso, mwongozo wa wadadisi, maelezo ya sampuli, na orodha ya maana za kila safu.

Pa kutafutia pako pengi siku hizi. Google ina mtambo wake wa kutafuta seti za data tangu 2018, na ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini uuchukulie kama dalali: atakuonyesha nyumba, hati hana. Ukishaona jina la utafiti, nenda kwenye katalogi ya mwenye mali. Kwa tafiti za kaya kazi ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu katalogi ya NBS ya Tanzania, ya KNBS, ofisi ya takwimu ya Kenya, na maktaba ya data ya Benki ya Dunia zote zinaendeshwa na programu ileile iitwayo NADA. Ukiizoea moja hupotei kwenye nyingine. Kuna ukurasa wa maelezo ya utafiti, kuna nyaraka, kuna orodha ya safu, na mwisho kabisa kitufe cha kuombea data zenyewe. Mpangilio huo una akili: kitufe kimewekwa mwisho. Wengi wetu tunaanza nacho.

Katika nyaraka, mimi hutafuta dodoso, na nikibahatika nalipata la Kiswahili. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo vitabu vya takwimu vilivyoandikwa ng'ambo havitakuambia. Katalogi karibu zote zinaeleza data kwa Kiingereza, lakini mama wa Kilosa hakuulizwa kwa Kiingereza. Safu iliyoandikwa kwamba ni idadi ya kaka na dada huenda ilizaliwa na swali la "ndugu", na ndugu kwetu anaweza kuwa binamu au mtu wa kijiji kimoja tu. Saa ndiyo balaa zaidi. Niliwahi kukutana na faili la matumizi ya muda ambamo wakulima kadhaa walikuwa wanaamka saa tano asubuhi na kwenda shambani saa sita mchana. Mdadisi aliandika alichokisikia: saa kumi na moja, saa kumi na mbili. Aliyeingiza kwenye kompyuta akasoma kwa saa ya Kizungu. Kosa la namna hiyo halionekani kwenye wastani, kwa sababu wengine waliandika kwa saa ya Kizungu na wengine kwa yetu, zikachanganyika vizuri kama uji. Utalikamata kwenye mwongozo wa wadadisi tu, pale ulipoelekeza, au ulipokaa kimya.

Baada ya dodoso, natafuta namba za uongo, yaani zile zinazoonekana kama majibu na kumbe ni alama. Katika mafaili ya kaya ya DHS, ule utafiti wa afya ya uzazi na mtoto uliofanywa nchi nyingi, safu ya miaka ya shule ina 98 kwa asiyejua na 99 kwa jibu lililokosekana. Asiyesoma orodha ya maana atawahesabu hao kuwa wasomi waliokaa darasani karibu karne nzima, na wastani wa kijiji utapanda bila shule mpya kujengwa. Katalogi nzuri inakuonyesha alama hizo kabla hujapakua chochote, na idadi ya watu kando ya kila jibu. Katalogi mbaya inakupa jina la safu, "q14b", basi.

Halafu kuna uzito wa sampuli, ambao ndio unaotenganisha anayejua na anayebahatisha. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, na kati yao Zanzibar ina 1,889,773, yaani kama watu 3 katika kila 100. Lakini tafiti za kaya za nchi nzima huchukua Zanzibar kaya nyingi kuliko sehemu hiyo, kwa makusudi, maana kwa kaya chache usingeweza kusema lolote la kuaminika kuhusu Pemba peke yake. Kwa hiyo faili likija, Zanzibar imejaa kupita kiasi, na safu ya uzito ndiyo inayoirudisha kwenye kimo chake. Ukipiga wastani bila kuigusa safu hiyo umepata wastani wa nchi isiyokuwapo. Ukikuta seti ya utafiti wa sampuli haina safu ya uzito wala neno lolote kuihusu, iache hata kama ni ya bure.

Jina la nchi nalo hudanganya. Asilimia 26.4 ya umaskini wa mahitaji ya msingi, inayotokana na Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, imenukuliwa mara nyingi kama ya Tanzania. Ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina utafiti wake na ofisi yake ya takwimu. Ukurasa wa katalogi una kipengele cha eneo lililohusika, mstari mmoja tu, na unasomwa kwa sekunde tatu.

Mimi humwamini zaidi anayekiri kasoro. DHS ilitoa pia ramani za makundi ya kaya yaliyohojiwa, lakini ilizisogeza nukta zake makusudi ili mtu asitambulike: mjini hadi kilomita 2, vijijini hadi 5, na asilimia moja ya zile za vijijini hadi 10. Haya yote yameandikwa waziwazi. Kwa hiyo ukipima umbali kutoka nukta hiyo hadi zahanati na kudai kwamba ni mita 800, kosa ni lako. Kinyume chake, nikikuta faili la serikali au la chuo lisilo na tundu hata moja, kila mtu ana umri, kila umri umesambaa laini, nashtuka. Kwetu watu husema "nina kama arobaini", na sensa ya kweli ya hapa kwetu huonyesha vilima kwenye 30, 40 na 50. Vilima vikikosekana, aliyevisawazisha aseme alivisawazishaje.

Leseni isome, ni fupi. Faili likiwa PDF ya jedwali lililopigwa picha, hiyo ni picha, hata kama katalogi inaiita data. Tarehe ya toleo iandike kwenye daftari lako pamoja na siku uliyopakua, kwa sababu mafaili hurekebishwa kimyakimya na wewe utabaki kubishana na mwenzako juu ya namba mbili zilizo sahihi zote.

Na pakua nyaraka pamoja na data, siku hiyohiyo. Mapema mwaka 2025 Marekani ilipokata fedha za USAID, shirika lake la misaada lililogharimia DHS, mradi huo uliokuwa umekusanya data kwa miaka 40 ulisimamishwa, na watu waliozoea kuomba faili asubuhi na kulipata baada ya siku chache wakajikuta wanaulizana nani alihifadhi nini. Faili bila orodha ya maana za safu halikumfaa mtu.

Nanyi mnaopakia, wa ofisi za takwimu na wa vyuo: tunawashukuru kwa ripoti nzuri za rangi, lakini tuwekeeni dodoso la Kiswahili, lilelile lililobebwa kwenye mkoba hadi kijijini. Lipo tayari, limechapwa, liko kwenye kompyuta ya mtu fulani hapo ofisini kwenu.