Maneno matano, herufi 25: siku 32 zilivyogeuka milisekunde

Mwaka 2022 Matt Parker, mwanahisabati na mchekeshaji Mwaustralia anayeishi Uingereza, aliletewa swali na msikilizaji wa podikasti yake. Je, yapo maneno matano ya Kiingereza, kila moja la herufi tano, ambayo kwa pamoja yanatumia herufi 25 bila hata moja kujirudia? Parker akaandika programu kwa lugha ya Python, akaiacha ikisaga kwenye kompyuta yake, na majibu yakakamilika baada ya siku 32 hivi. Mjerumani Benjamin Paassen alilishughulikia swali hilohilo akalimaliza kwa muda usiofika nusu saa. Video ya Parker ilipotoka, watazamaji wakalivalia njuga. Haukupita muda mrefu, kazi iliyokula mwezi mzima ikawa inachukua milisekunde 7 hivi.

Maelezo ya haraka ni kwamba waliiacha Python wakahamia lugha zenye kasi kama C. Ni kweli, lakini lugha peke yake haigeuzi mwezi kuwa kufumba na kufumbua. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kutafuta.

Kazi ilianza kwa kupepeta orodha. Parker alitumia orodha ya maneno ya Kiingereza yapatayo 370,000 inayopatikana bure mtandaoni. Ukibakiza ya herufi tano tu, kisha ukatupa yanayorudia herufi (hello ina L mbili, basi haifai), orodha inanywea sana. Halafu yapo maneno yenye herufi zilezile zilizopangwa tofauti: notes, onset, stone, tones. Kwa swali hili yote manne ni kitu kimoja. Kuyatambua ni rahisi: zipange herufi za kila neno kwa alfabeti, nayo yote yatakuwa enost. Baki na moja, mengine utayarudisha mwishoni. Baada ya mchujo huo yanabaki makundi 5,977.

Parker aliyapanga kwa jozi. Jozi za makundi 5,977 ni karibu milioni 18, na zisizogongana herufi ni mamilioni. Kisha akalinganisha jozi kwa jozi ili apate maneno manne, na hapo hesabu ikapanda hadi matrilioni. Siku zake zilizama humo.

Waliofuata walianza kwa kubadili sura ya neno lenyewe. Kompyuta ikilinganisha maneno mawili herufi kwa herufi, inafanya kazi nyingi ya bure. Chukua safu ya swichi 26, moja kwa kila herufi: A ina thamani 1, B 2, C 4, D 8, E 16, na kuendelea hivyo kwa kuzidisha mara mbili. Washa swichi za herufi zilizomo kwenye neno, jumlisha thamani zake, na neno limekuwa namba. Bead ni 2 + 16 + 1 + 8, yaani 27. Cab ni 7. Fig ni 352. Kompyuta ina amri moja ya msingi inayouliza ni swichi zipi zimewaka kwenye namba zote mbili. Ukiipa 27 na 352 inajibu 0: bead na fig hazina herufi ya pamoja. Ukiipa 27 na 7 inajibu 3, yaani A na B ndizo zinazogongana.

Amri hiyohiyo inamfaa anayetaka kitu kidogo zaidi, kwa mfano maneno yote yenye A, B na D. Herufi hizo tatu zina thamani ya 11. Linganisha 11 na kila neno. Likirudisha 11 kamili, zote tatu zimo. Bead inapita. Cab inarudisha 3, inaanguka. Udhaifu upo: swichi haijui kuhesabu. Noon na no zinakuwa namba moja, kwa hiyo mchezaji wa Scrabble, mwenye vigae vyenye idadi maalumu, hawezi kuitegemea peke yake. Hapa haisumbui, maana yanayorudia yameshatupwa.

Namba hizi ndizo zilizosifiwa zaidi. Mimi sifa kubwa naipeleka kwingine: kwenye uamuzi wa wapi pa kuanzia. Alfabeti ina herufi 26, nasi tunatumia 25, basi ni moja tu inayoruhusiwa kukosekana. Maana yake, kama jibu halina Q, lazima liwe na J. Maneno yenye Q au J ni machache mno, kwa hiyo anza nayo. Ukishachagua neno la kwanza, tafuta herufi adimu kuliko zote ambayo haijatumika, na uangalie maneno yenye herufi hiyo tu. Endelea hivyo, ukijua una ruhusa ya kuruka herufi mara moja tu. Maelfu ya maneno yenye E hayaguswi hadi yahitajike, na kila jibu linapatikana mara moja badala ya kurudi kwa mipangilio yake yote 120.

Tazama jibu hili: fjord, gucks, nymph, vibex, waltz. Limeruka Q, na J imo kwenye fjord. Lingine: brick, glent, jumpy, vozhd, waqfs. Hili limeruka X, na Q imeletwa na waqfs, ambayo ni wakfu tunazozijua sisi, zikiwa na S ya wingi wa Kiingereza. Nymph inasimama kwa Y pekee, bila irabu nyingine. Kiswahili, chenye silabi zinazoishia na irabu, kingekwama mapema: irabu zetu ni tano tu, na neno la herufi tano kwa kawaida linadai mbili.

Kwa orodha ile kubwa majibu ni 538, ukihesabu maneno ya herufi zilezile kuwa kitu kimoja, lakini mengi yamebebwa na maneno ambayo Mwingereza mwenyewe angeomba kamusi. Ukitumia orodha ya maneno yanayokubalika kwenye mchezo wa Wordle, yanabaki machache ya kuhesabika. Kasi yote ile haiwezi kukuamulia kama vibex ni neno. Hilo limeamuliwa na aliyetengeneza orodha, na mchambuzi anayetaja idadi ya majibu bila kutaja orodha hajasema kitu.

Na kama unachotaka ni maneno yenye herufi tatu au nne ulizozichagua, usijisumbue na ufundi huu wote. Pitia orodha nzima neno kwa neno, kwa programu ya mistari michache. Maneno 370,000 ni kidogo kwa kompyuta ya kawaida. Itamaliza chini ya sekunde moja.