Namna ya Kuipima Leaf Kabla ya Kutoa Pesa

Kwenye yadi moja ya magari ya Ngong Road, Nairobi, nimeona Nissan Leaf nyeupe ya 2014, gari la umeme, ikisifiwa na watu wazima kama mali adimu. Rangi inang'aa, viti havina doa, rimu zimesuguliwa, na dashibodi inaonyesha chaji asilimia 100. Dalali anahubiri: serikali imepunguza ushuru, umeme ni shilingi 8 kwa yuniti, petroli mtaisahau. Wateja wanaitikia kwa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyeinama kuangalia ukingo wa kulia wa dashibodi, na betri ya gari lile ilikuwa imebaki na vijiti saba vya afya kati ya 12. Gari la vijiti saba haliwi nafuu kwa bei yoyote iliyotajwa pale.

Nianze na hizo shilingi 8, maana ndizo zinazowapumbaza wengi. Bei hiyo ipo. EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati, iliiweka mwaka 2023 katika kundi jipya la magari ya umeme: shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida na 8 saa ambazo matumizi ya umeme yako chini, kabla ya kodi na tozo. Lakini ni ya mwenye mita ya kundi hilo. Ukichomeka gari kwenye mita ya nyumbani, unalipa bei ya nyumbani, na yuniti za gari zinakuvusha ule mpaka wa 100 kwa mwezi hadi kwenye daraja la juu, ambako hata friji na taa zako zinapanda bei. Dalali anayetaja 8 bila kuuliza una mita gani hajui biashara yake, au anaijua mno.

Ushuru nao ni hivyo hivyo. Sheria ya Fedha ya 2019 iliushusha ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme pekee kutoka asilimia 20 hadi 10. Ni nafuu ya kweli kwa anayeagiza gari Japani mwenyewe. Kwa anayenunua gari ambalo tayari lina namba ya Kenya, nafuu hiyo ilishaliwa na mwagizaji, na misamaha ya VAT iliyotungwa 2023 ililenga mabasi, pikipiki na baiskeli, si Leaf ya familia. Halafu KRA, mamlaka ya mapato, hukadiria kodi kwa bei ya kitabu chao na umri wa gari. Betri haimo kwenye hesabu. Leaf yenye betri hai na Leaf yenye betri mfu, za mwaka mmoja na aina moja, hulipiwa ushuru sawa bandarini. Nafuu ya serikali ni kipofu, kwa hiyo macho yawe yako.

Sasa vijiti. Washa gari na utazame kulia. Utaona safu mbili zilizosimama bega kwa bega. Ya ndani ni nene, nayo ni chaji. Hiyo ndiyo watu hupiga picha. Ya nje ni nyembamba kiasi kwamba mgeni huidhani ni pambo la fremu. Hiyo ndiyo afya ya betri. Betri ikiwa mpya, safu hii ina vijiti 12, viwili vya chini vikiwa vyekundu. Kijiti cha kwanza huzimika betri inapopoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata huzimika kwa asilimia sita hivi. Ndiyo maana kijiti cha kwanza kukosekana ni jambo zito: aliyekosa kimoja amepoteza sehemu karibu ya saba, wala si sehemu ya kumi na mbili kama wanavyohesabu wanunuzi. Kwenye vijiti saba, asilimia 40 au zaidi ya betri imekwenda. Chaji itasoma 100 kila asubuhi, maana asilimia 100 ya kilichobaki bado ni 100, na kabla ya jioni mwenye gari atakuwa anatazama taa ya kobe, ile inayoonya kwamba chaji inakwisha.

Kanuni yangu: chini ya vijiti kumi usijadili bei, toka yadini.

Na hata vijiti 12 visikulaze. Kuna watu wana mashine ya kuiambia kompyuta ya betri kwamba imewekewa betri mpya. Kompyuta inaamini, vijiti vyote vinarudi, na gari linauzwa wiki hiyo hiyo. Mwalimu mmoja ninayemfahamu alinunua Leaf ya namna hiyo kwa pesa za akiba ya ushirika. Kadiri alivyoendesha na kuchaji, kompyuta ikaujua ukweli, na vijiti vikaanza kudondoka kimoja kimoja hadi vikafika tisa. Muuzaji akamwambia ni joto la barabarani.

Alama ya udanganyifu huu ni ukamilifu wenyewe. Chomeka kifaa kidogo cha Bluetooth kwenye tundu la OBD, lile la kusomea kompyuta ya gari chini ya usukani, ufungue programu ya LeafSpy kwenye simu. Betri ya miaka saba inayosoma afya ya asilimia 99 imeguswa na mkono wa mtu. Betri ya kweli ina historia. Mimi hupendezwa na 87 au 84 yenye sababu zake kuliko 99 isiyo na maelezo.

Programu hiyo hiyo itakupangia jozi 96 za seli kama uzio. Zikiwa zimejaa, zote hulingana, hata mbovu. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana gari la yadi halikosi chaji. Aliyenifundisha kazi hii, fundi wa Industrial Area ambaye sasa amestaafu, alikataa kupima gari lililojaa. Alilitaka lishuke hadi asilimia 20 hivi, kisha alipandishe mlima wa Limuru Road akiwa amenipa simu niishike. Hakuangalia barabara peke yake, alikuwa akisikiliza nikimsomea pengo kati ya seli ya juu na ya chini. Likipita milivolti 100 akikanyaga, aligeuza gari palepale na kumrudishia mwenyewe ufunguo bila neno.

Kipimo chake cha mwisho kilikuwa kulala na gari. Alilichaji usiku kucha kupitia mita ndogo ya soketi, asubuhi akasoma yuniti. Leaf ya kilowati-saa 40 yenye afya ya asilimia 90, ikianzia 20 hadi ijae, inapaswa kumeza yuniti 30 na kidogo, pamoja na zinazopotea njiani. Ikimeza 22, hakuna mashine ya kulipamba hilo. Siku zile muuzaji aliyejiamini alikupa ufunguo uende nalo nyumbani, ukimwachia kitambulisho tu. Leo wanakuzungusha mtaa mmoja wakiwa wamekaa kando yako na redio imefunguliwa kwa sauti.

Ukishapata afya, ndipo bei inapolinganishwa, na hulinganishwa kwa namna moja tu: gawanya bei kwa yuniti ambazo betri bado inabeba. Tuseme Leaf ya kilowati-saa 24 inauzwa milioni 1.2 ikiwa na afya ya asilimia 65. Inabeba yuniti 15.6, kila moja karibu shilingi 77,000. Kando yake kuna ya 40 kwa milioni 2.1, afya 88. Inabeba 35.2, kila moja kama shilingi 60,000. Ya bei kubwa ndiyo rahisi, na bado itakuwa gari wakati ile nyingine imekuwa stoo.

Mengine ni mafupi. Leaf ya Japani ina tundu la CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Hakikisha kituo unachopita kila siku kinalo. Waya wa Kijapani uliofungwa plagi yetu ya pini tatu utaunguza soketi ya amp 13 siku moja. Wekea chaji laini yake yenyewe kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi. Karatasi ya mnada wa Japani iwe ile yenyewe, isiwe picha ya picha.

Joto nalo halina msamaha. Betri ya Leaf za vizazi viwili vya kwanza haina maji ya kuipoza. Arizona, kwa joto lake, iliwafundisha Wamarekani hilo mapema, hata Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri na baadaye ikabadilisha kemia yake. Nairobi, kwa baridi yake ya mwinuko, inaitunza vizuri, Mombasa inaichosha. Leaf iliyoishi Nyali miaka mitatu naipunguzia bei hata ikiwa na vijiti 11, na mtu wa Kilifi au Malindi anayeniomba ushauri namwambia aongeze pesa atafute gari ambalo betri yake inapozwa kwa maji, hata kama ushuru wake utakuwa mkubwa zaidi.