Msasa, Vumbi na Gari Kuukuu la Tabora

Julai 1916, Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Goetzen katika Ziwa Tanganyika. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Meli hiyo ilikuwa imepita Tabora vipande vipande kwa reli, ile reli iliyofika mjini hapo mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikiifuata kwa sehemu kubwa njia ya kale ya misafara ya kwenda Ujiji. Waingereza waliiibua mwaka 1924, injini zikakutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Rangi ya gari kazi yake ni hiyohiyo ya grisi: kuzuia maji na hewa visilifikie bati. Mng'ao ni nyongeza. Fundi anayelielewa hilo anajua apunguze gharama wapi. Asiyelielewa hubana kwenye msasa na praima, kisha fedha ya mteja inaishia kwenye klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo litabanduka mvua za pili zikifika.

Magari yanayohitaji kupakwa upya Tabora hayajifichi. Kuna Corolla na Carina za miaka ya tisini, Noah na Hiace za kwenda Urambo na Sikonge, pikapu za wakulima wa tumbaku. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua ndilo adui wa kwanza. Huanza na paa na boneti, wakati milango bado mizima. Hapo ndipo akiba ya kwanza ilipo: gari lenye paa na boneti vilivyopauka halihitaji kupakwa lote.

Pengine halihitaji hata kupakwa. Rangi ya kiwandani ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na inayopauka ni ngozi ya juu tu. Fundi achukue kitambaa chenye dawa ya kukatia rangi, asugue sehemu ndogo. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, maana yake hakuna klia juu, na mng'ao unaweza kurudi kwa kusugua na kupolishi. Nyeupe na nyekundu za zamani hufufuka hivyo mara nyingi. Lakini klia ikishaanza kubanduka magamba, hakuna polishi itakayoiokoa. Anayeuziwa polishi katika hali hiyo anaibiwa kwa adabu.

Ikibidi kupaka, kuna jaribio moja la bei ya pamba ambalo gereji nyingi hulipuuza. Pamba ichovywe kwenye thina na kubanwa kwa muda mahali pasipoonekana, kama ndani ya kifuniko cha mafuta. Rangi ikiyeyuka na kushika kwenye pamba, ni NC, yaani rangi ya nitroselulosi. Ikikunjamana, ni rangi ya mafuta, ile ya mageti. Isipobadilika, ni ya kiwandani au ya hadena, ile inayochanganywa na dawa ya kuigandisha. Jibu hilo linaamua kila kitu, kwa sababu NC au rangi ya hadena ikipulizwa juu ya rangi ya mafuta, thina yake kali huilowesha ya chini na kazi yote inakunjamana mbele ya mwenye gari. Hapo ni kukwangua upya, na gharama mara mbili.

Rangi za bei nafuu zenyewe ni za aina mbili. NC ni ya ukoo wa Duco ya kampuni ya DuPont, ambayo General Motors iliitumia kwenye magari ya Oakland ya mwaka 1924. Kabla ya hapo magari mengi yalipakwa kwa brashi na vanishi, kazi iliyochukua wiki kadhaa. NC hukauka kwa thina kuruka tu, haisubiri kitu kingine, na ndani ya dakika chache vumbi halishiki tena. Kwa gereji isiyo na kuta, hiyo ni faida kubwa kuliko mng'ao. Hasara yake ni kwamba jua huipausha mapema, na haiwi na mvuto bila kupolishiwa.

Rangi ya mafuta ni rahisi zaidi, na haitaki kompresa. Wamarekani wengi wenye magari kuukuu huipaka kwa rola ya sponji, na njia hiyo inafaa kabisa kwa pikapu au lori. Siri ni kuizimua kwa tapentaini hadi iwe nyepesi, kupaka tabaka nyembamba nne hadi sita, na kupiga msasa wa maji katikati ya tabaka. Inakula siku nyingi, maana kila tabaka linasubiri usiku mzima, na wakati huo wote vumbi linaikamata. Anayeipaka uani mwezi wa tisa atapata gari lenye chunusi. Ila rola haipotezi rangi: bunduki ya kawaida ya kupulizia hurusha hewani zaidi ya nusu ya kile kilichonunuliwa.

Rangi ya hadena ndiyo inayodumu, na bei yake inajieleza. Tatizo lake liko kwenye mapafu. Hadena ina kemikali zinazoweza kumwachia mpulizaji pumu ya maisha, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Bila barakoa ya kuchuja mvuke wa kemikali, isipulizwe.

Halafu kuna kalenda, nayo haiuzwi dukani. Mvua za Tabora hunyesha Novemba hadi Aprili. NC ikipulizwa kwenye hewa yenye unyevu, thina inayoruka upesi hulipoza bati, mvuke wa maji hutua juu yake, na rangi inatoka na ukungu mweupe. Septemba na Oktoba joto hupita nyuzi 30 na upepo ni mwingi. Rangi inakauka kabla ya kufika kwenye bati na kutua kama unga. Wakati mzuri ni Juni na Julai, asubuhi, umande ukishakauka na upepo wa mchana haujaanza, sakafu ikiwa imemwagiwa maji. Kipande kimoja kipakwe hadi ukingoni kabla ya kuanza kingine. Umeme ukikatika, kiungo cha mlango na fenda kitaficha mahali kazi iliposimama.

Land Rover za zamani zina masharti yake. Zile za kwanza, za mwaka 1948, zilipakwa rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupakwa ndege za kijeshi, kwa kuwa ndiyo iliyopatikana. Bodi ya Land Rover hizo ni ya aluminiamu, haioti kutu, lakini rangi haiishiki bila praima yake maalumu. Chuma cha chini ndicho kinachooza.

Tabora ina malighafi nyingine ya karibu: nta ya nyuki, bidhaa iliyosafirishwa nje tangu enzi za Wajerumani. Haifai juu ya boneti, kwani huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi na bati jeusi juani linaweza kupita hapo. Ikiyeyushwa na kuchanganywa na mafuta, inaweza kupakwa ndani ya milango na kwenye vizingiti, ambako kutu huanzia. Sharti ni moja: iingie baada ya rangi, kamwe kabla, kwa sababu hata alama ya kidole chenye nta huikimbiza rangi na kuacha vishimo.

Kuhusu rangi gani, anayetaka nafuu abaki na ileile ya gari, na heri ikiwa nyeupe. Toyota huandika namba ya rangi kwenye kibati, mbele ya herufi C/TR. 040 ni nyeupe isiyo na chembe za kumeta, na kiraka chake hakionekani sana. Fedha ya kumeta hubadilika kwa pembe na kasi ya kupuliza, hivyo mlango mmoja hulazimisha kugusa na wa jirani. Kubadili kabisa kuna gharama zake: ndani ya milango, chini ya boneti, kwenye buti, kote rangi ya zamani huchungulia. Na kwa kuwa rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, mwenye gari atalazimika kwenda Mamlaka ya Mapato (TRA) kuirekebisha kabla trafiki wa barabara ya Nzega hajamuuliza.