Betri Nzima, Stata Mpya, Hiace Haiwaki

Hiace ya dizeli yenye injini ya 3L, inayobeba abiria kati ya Tanga na Pangani, ilinunuliwa betri mbili na stata moja ndani ya msimu mmoja, na bado kulipokucha konda alikuwa akiomba watu washuke wasukume. Ukigeuza ufunguo, injini inazunguka kivivu. Siku nyingine inatoa "ka" moja tu na kunyamaza. Lakini likija gari jingine na waya za jampa, Hiace inawaka hapo hapo, tena kwa nguvu. Kwa ushahidi huo kila aliyeitazama alitoa hukumu moja: betri.

Hukumu haikuwa sahihi. Fundi umeme aliyeipindua alitumia mita ya kawaida na bisibisi, na mpangilio wa kazi yake ndio ninaotaka kuuchambua, kwa sababu wengi wana mita hiyohiyo na hawaipati faida yake.

Alianza kwa kuuliza kabla ya kufungua kitu. Gari lilifanyiwa kazi gani kabla shida haijaanza? Dereva akajibu kwamba giaboksi ilishushwa ili kubadilisha klachi, ila hilo, kwa maoni yake, halina uhusiano na umeme. Akaongeza lalamiko jingine la pembeni: siku hizi pedeli ya mafuta imekuwa nzito. Fundi aliyaweka yote mawili akilini, akafungua mfuniko wa betri.

Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja yenye volti 2.1 hivi, kwa hiyo ikijaa na kupumzika husoma takriban 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na ikisoma 12.0 imebaki kama robo. Ya Hiace ilisoma 12.6. Kosa la wengi ni kuishia hapo na kufunga boneti. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha 12.6 ikiwa haina kazi, kisha ikaporomoka mara tu stata inapodai ampea zake. Kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa stata ikiwa inapigwa. Betri nzima iliyojaa, katika hali ya hewa yetu, haitakiwi kushuka chini ya volti 9.6.

Fundi alichomoa waya wa solenoidi ya kukatia mafuta kwenye pampu ili injini isiwake katikati ya vipimo, akamwambia konda apige stata. Injini ikazunguka kivivu kama kawaida yake, mita ikasoma 11.6.

"Bosi, betri yako ni nzima," akamwambia mwenye gari. "Nzima kupita kiasi."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Stata ya dizeli ya ukubwa huu, ikifanya kazi sawasawa, huvuta ampea mia mbili na zaidi, na mzigo kama huo lazima uishushe betri. Injini ikizunguka kivivu huku betri imebaki juu ya volti 11, umeme upo ila haufiki unakotakiwa. Betri ingekuwa mbovu, volti zake zingeporomoka.

Jambo hilohilo lingeweza kuonekana bila mita. Washa taa kubwa, kisha geuza ufunguo. Taa zikififia karibu kuzimika, chunguza betri na teminali zake. Zikiendelea kung'aa huku stata inavuta kivivu au iko kimya, toka kwenye betri uangalie mbele. Taa za Hiace zilipungua kidogo tu. Jaribio hili halina gharama yoyote, na lingefanywa mapema angalau betri ya pili isingenunuliwa.

Kati ya betri na stata kuna njia mbili. Ya kwenda ni waya mwekundu mnene ambao kila mtu anauona. Ya kurudi, yaani athi, huanzia kwenye bodi ya stata, hupita kwenye chuma cha injini na giaboksi, huvuka kwa waya hadi bodi ya gari, kisha huingia kwenye nguzo hasi ya betri. Ampea zote zinazokwenda lazima zirudi. Waya mwekundu hubadilishwa mara kwa mara kwa kuwa uko mbele ya macho, lakini njia ya kurudi ni bolti mbili tatu zilizojificha chini, zikirushiwa tope na maji, na kwa magari ya pwani, chumvi.

Hapa mafundi wengi huiweka mita kwenye omu na kuipima njia hiyo gari likiwa limezimwa. Kipimo hicho ni cha kupoteza muda. Kanuni aliyoitoa Georg Ohm mwaka 1827 inasema volti ni ampea zikizidishwa na omu. Ukinzani wa omu 0.02 unaonekana si kitu, lakini ampea 160 zikiupitia, volti 3.2 zinapotea njiani. Mita ya bei nafuu haiwezi kuiona omu 0.02, kwani nyaya zake zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo. Zaidi ya hapo, ikiwa kwenye omu, mita hupitisha mkondo mdogo mno. Waya ambao nyuzi zake zimekatika zote ikabaki moja utaonekana mzima, hata taa ya kupimia itawaka vizuri. Stata ndiyo haitazunguka.

Kwa hiyo fundi alipima kinachopotea wakati kazi inafanyika. Mita ikawekwa kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo yenyewe ya risasi ya betri, si kwenye teminali iliyoibana, na ncha nyingine kwenye upande wa pili wa njia. Njia ikiwa safi, huku na huku volti ni karibu sawa na mita inasoma sifuri na ushei. Kila upande unaruhusiwa kupoteza kama nusu volti hivi, si zaidi. Kutoka nguzo chanya hadi bolti nene ya stata, huku konda akipiga stata kwa sekunde chache, mita ilisoma 0.3. Upande huo uko sawa. Kutoka nguzo hasi hadi bodi ya stata ilisoma 3.2.

Toa 0.3 na 3.2 kwenye zile 11.6, inabaki 8.1. Stata mpya ilikuwa ikilazimishwa kuzungusha injini ya dizeli kwa volti 8.1, na ile ya zamani iliyokwisha kuuzwa kama chuma chakavu yawezekana haikuwa na kosa.

Kujua kwamba athi ni mbovu hakutoshi, kwa sababu njia ni ndefu na bolti ni nyingi. Fundi aliacha ncha moja kwenye nguzo hasi, akaitembeza nyingine kuelekea kwenye stata, kituo kwa kituo, na kila kituo konda akipiga stata. Kwenye teminali, 0.05. Kwenye bodi, pale waya hasi ulipofungwa, 0.15. Kwenye kichwa cha waya unaotoka bodini kwenda giaboksi, 0.25. Akasogeza ncha sentimita chache tu, kutoka kichwa cha waya hadi kwenye chuma cha giaboksi chenyewe: 3.15. Karibu volti tatu zilikuwa zinapotea kwenye bolti moja.

Hapo jibu la kwanza la dereva likapata kazi. Giaboksi iliposhushwa kwa ajili ya klachi, waya huo ulifunguliwa, kisha ukarudishwa juu ya kutu na rangi, na washa iliyokwisha kulika. Kwa macho bolti ilikuwa imekaza vizuri. Matengenezo yalikuwa mafupi: teminali hasi ikatolewa kwanza, msasa ukapigwa hadi chuma kikang'aa pande zote mbili, bolti na washa mpya, kukaza, kisha grisi juu yake kuzuia maji ya chumvi.

Na pedeli nzito? Ampea zikinyimwa barabara kuu hupita vichochoro. Waya wa chuma unaotoka kwenye pedeli ya mafuta huiunganisha bodi na injini, na haukutengenezwa kubeba mkondo wa stata. Ukilazimishwa kuubeba hupata moto, plastiki iliyo ndani ya ganda lake hulainika na kuung'ang'ania. Ukikuta waya huo au waya wa gia una joto mara baada ya kupiga stata, anza na athi ya injini kabla ya kitu kingine chochote.

Kilichobaki ni ule ushahidi uliompotosha kila mtu. Kwa nini Hiace iliwaka kwa jampa? Kanuni ya usalama inasema klempu nyeusi ya mwisho isibanwe kwenye betri iliyolala bali kwenye chuma cha injini, mbali na betri, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni na cheche moja inaweza kuilipua. Konda alikuwa akiifuata kanuni hiyo vizuri sana. Lakini kwa kubana injini, waya mweusi ulikuwa unairuka bolti mbovu na kuipa stata athi mpya. Hiace haikuwa imepungukiwa na nguvu ya betri. Gari la pili lilikuwa likileta umeme wenye njia yake safi ya kurudi.

Anayetaka kuhakikisha hahitaji gari la pili. Chukua waya mmoja wa jampa, bana upande mmoja kwenye nguzo hasi ya betri ya gari lilelile na upande wa pili kwenye chuma cha injini, kisha piga stata. Stata ikichangamka, umeshajua pa kutafuta. Naona hili ndilo jaribio bora kuliko yote kwa mwenye gari asiye na mita. Kusukuma, kwa upande mwingine, hakuthibitishi kitu, maana kunaiweka kando stata na waya zake zote.

Baada ya matengenezo vipimo vilirudiwa, hatua ambayo gereji nyingi huiruka. Stata ikipigwa, betri ilisoma 10.7, upande wa chanya 0.5, upande wa athi 0.5. Mwenye gari alishtuka kuona betri imeshuka kutoka 11.6. Ndivyo inavyotakiwa: sasa stata ilikuwa inapata ampea zake, na volti 9.7 zilikuwa zikiifikia. Injini ikiunguruma, kipimo cha chaji kwenye betri kilikuwa 14.2. Kabla ya kazi kilikuwa 13.5, kwa kuwa altaneta nayo imefungwa kwenye injini na ilikuwa ikirudishia mkondo kwenye bolti ileile. Betri ya kwanza, basi, huenda ilikufa kweli, lakini kwa kukosa chaji ya kutosha.

Si kila gari linalogoma lina shida hii. "Ka-ka-ka" ya haraka kwa kawaida ni volti ndogo kwenye betri au teminali chafu. "Ka" moja nzito, huku stata inapata volti za kutosha, mara nyingi ni kopa zilizolika ndani ya solenoidi. Kwenye stata za Denso zilizomo katika Toyota nyingi kopa hizo hubadilishwa zenyewe bila kununua stata nzima. Gari la otomatiki likinyamaza kabisa kwenye P, jaribu kwenye N kabla hujaita fundi. Likizunguka kwa nguvu bila kuwaka, iache stata yake na utazame mafuta, cheche, au imobilaiza isiyoutambua ufunguo. Na betri inayolala gari likiegeshwa ina kitu kinachoinyonya. Baada ya vifaa vyote kutulia, mkondo wa miliampea 50 unavumilika, lakini miliampea 500, ambazo redio au alamu iliyofungwa ovyo huweza kuzivuta, ni ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya 45 haimalizi siku nne.

Mwenye gari, ukiambiwa ununue stata au betri, omba kwanza uonyeshwe namba tatu wakati stata inapigwa: volti za betri, kinachopotea upande wa chanya, na kinachopotea upande wa athi. Ni kazi ya dakika chache, na mita ni rahisi kuliko betri. Fundi asiyeweza kukuonyesha namba hizo anakisia kwa pesa yako, na una haki ya kutafuta mwingine.