Nguo ya Askari wa Sentimita Kumi na Moja

Aliyewahi kuvaa kaptula ya kaki ya shule anajua kwamba kaki haina rangi moja. Siku ya kwanza ina unjano mzito na inakwaruza mapaja. Ikifuliwa na kuanikwa juani miezi mitatu, sehemu ya kukalia inapauka, kingo za mifuko zinakuwa karibu nyeupe, na ndani ya mikunjo ya mshono inabaki rangi ile ya dukani. Tuliivaa kila siku wala hatukuitazama. Wako watu, wengi wao Ulaya na Marekani, ambao wametumia miaka mingi ya maisha yao kuitazama nguo ya namna hiyo, kwa sababu wanachopenda ni kuipaka kwa brashi juu ya mwili wa sanamu ndogo ya askari.

Nazungumzia sanamu za kipimo cha moja kwa kumi na sita. Mtu wa mita 1.76 anakuwa na sentimita 11. Kifungo cha koti chenye upana wa milimita 16 kinakuwa milimita moja. Katika ufundi huu hizo ni sanamu kubwa, maana wapo wanaopaka za nusu ya urefu huo. Sanamu huja vipande, mara nyingi vya rezini: kiwiliwili, mikono, kichwa, mkoba, bunduki. Fundi huviunganisha, huvipiga msasa, huvipaka praima. Mchongaji ameshamaliza yake, mikunjo ipo na mifuko ipo. Kinachokosekana ni kitambaa.

Mtu anaweza kuuliza: kama mikunjo ipo, si upake kaki tu basi? Jibu lipo katikati ya Dar es Salaam, kwenye Sanamu ya Askari iliyotengenezwa na James Alexander Stevenson na kuzinduliwa mwaka 1927. Ile ni shaba, kofia na miguu rangi moja, na bado mikunjo ya sare yake unaiona ukiwa ng'ambo ya barabara. Kazi hiyo inafanywa na jua. Mkunjo wake una kina cha mkunjo wa nguo ya mtu, kwa hiyo kivuli kinaingia na kukaa. Sasa chukua mkunjo wa suruali wenye kina cha sentimita tatu, ugawanye kwa 16. Unabaki na milimita mbili pungufu, na mwanga wa taa ya chumbani unapita juu yake kama haupo. Ndiyo maana sanamu ndogo iliyopakwa kaki tupu huonekana kama pipi iliyofungwa karatasi. Mpakaji lazima achore kwa mkono kivuli ambacho jua lingekiweka, na mwanga ambao jua lingeuacha, kisha akufanye uamini kwamba hakuchora kitu.

Kosa la kila anayeanza ni kuchukua nyeupe ili apate mwanga na nyeusi ili apate kivuli. Kaki iliyotiwa nyeupe hugeuka chaki. Iliyotiwa nyeusi huonekana kama tambara la kufutia masufuria. Fundi aliyekomaa hupandisha kaki kwa manjano hafifu au kwa rangi ya ngozi, na huishusha kwa kahawia iliyoiva, pengine akiongeza tone la urujuani, kwa kuwa urujuani na manjano hupingana na kivuli hupata uhai.

Kisha huizimua rangi yake ya akriliki kwa maji hadi iwe nyepesi kama chai ya maziwa iliyopunjwa maziwa. Huchovya brashi, huigusisha kwenye karatasi ipunguze maji, ndipo huipeleka kwenye nguo. Hapa pana jambo ambalo kwangu ndilo roho ya ufundi wote: rangi nyepesi hujikusanya pale brashi inapoishia. Kwa hiyo akitia kivuli huvuta brashi kuelekea ndani ya mkunjo, na akitia mwanga huvuta kuelekea mgongo wake. Akivuta kinyume, doa linabaki pasipotakiwa na kazi ya saa nzima imeharibika. Anasubiri tabaka likauke, anaweka jingine, anasubiri tena. Tabaka moja peke yake halionekani. La kumi likikauka, kiwiko kimekunjika.

Wapakaji wanaotumia rangi za mafuta wana subira ya aina yao. Huikamua rangi juu ya kipande cha boksi na kuiacha ili boksi linyonye mafuta, maana mafuta yakibaki sare itang'aa, na sufu haing'ai. Kivuli na mwanga huwekwa kandokando vikiwa vibichi, kisha brashi safi iliyo kavu huvikutanisha hadi mpaka wake usijulikane. Baada ya hapo ni siku kadhaa za kungoja, sanamu ikiwa imefunikwa vumbi lisinate.

Wengi hudhani brashi ya kazi hii lazima iwe na unywele mmoja. Mafundi wenyewe hupenda brashi yenye tumbo la kubeba rangi, ilmradi ncha yake iwe kali kama sindano, kwa sababu brashi ndogo mno hukaukia njiani kabla haijafika. Brashi ya Winsor & Newton iitwayo Series 7, ambayo mwanzo wake ni agizo la Malkia Victoria mwaka 1866, bado inasifiwa kwa hilo. Ni ya manyoya ya mkia wa mnyama wa jamii ya kicheche kutoka Siberia.

Tumsogelee askari mmoja: mwanajeshi wa miavuli wa Uingereza, Arnhem, Uholanzi, Septemba 1944. Bereti yake ni damu ya mzee. Suruali yake ni sufu, na uzi wa nusu milimita ukigawanywa kwa 16 hakuna brashi duniani ya kuuchora, kwa hiyo mpakaji hudokoa vinukta vya rangi mbili tatu zinazokaribiana hadi jicho lisadiki kwamba nguo ina nywele. Mikanda ni turubai, nayo askari walikuwa wakiipaka blanko, dawa ya rangi ya kijani cha kaki, ambayo ilichakaa kwenye kingo na kuzunguka bizimu. Vitu vitatu, namna tatu za kupokea mwanga.

Na juu ya vyote kuna koti la mabaka, liitwalo Denison. Matoleo ya mwanzo ya koti hilo huelezwa kuwa yalipakwa rangi kwa mkono, kwa brashi pana, kijani na kahawia juu ya rangi ya mchanga. Kwa hiyo mpakaji wa leo anaiga kwa ncha ya sindano mipigo ya brashi ya mfanyakazi wa kiwandani. Hapo hataki usafi. Mpigo huanza mzito, unaishia na michirizi, na pale kijani kilipopita juu ya kahawia huzaliwa rangi ya nne. Akimaliza mabaka, ndipo aanze upya kuvipitisha kivuli na mwanga katika kila rangi peke yake: kijani kina kivuli chake, mchanga una chake, na mkunjo mmoja ukikatiza mabaka matano unadai michanganyiko mitano. Nimetazama koti la namna hii kwa lenzi, kwenye bega, pale mkanda wa mkoba ulipopita. Chini ya mkanda mabaka yamekolea kidogo kuliko pembeni, kwa sababu hapo jua halikufika. Ni upana wa punje ya mchele. Nilisahau kuvuta pumzi.

Siku hizi wako wanaokoleza mwanga na kivuli kupita kiasi, hadi suruali inafanana na bati. Kwa picha inapendeza, na ufundi wa mkono haukataliki, lakini mimi simo. Namheshimu zaidi anayejua kuacha. Marehemu Shepard Paine wa Chicago, aliyefundisha wengi kwa vitabu vyake, alikuwa mmoja wao. Bill Horan naye amelifanya hilo kwenye sanamu za milimita 54. Na napenda mtindo wa mashindano ya chama cha mafundi wa sanamu hizi cha Illinois, ambako kila kazi hupimwa kwa ubora wake yenyewe, bila kushindanishwa na ya jirani: wakistahili dhahabu kumi, wanapata kumi.

Neno kaki lenyewe asili yake ni Kiajemi, khak, vumbi. Wanajeshi wa Corps of Guides kule Peshawar walianza kuvaa rangi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1840, na baadaye ikawafikia askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza hapa kwetu. Wapakaji wanalikumbuka vumbi hilo. Jambo la mwisho kabisa wanaloweka ni vumbi lenyewe: zito kwenye buti, hafifu kwenye kifundo, likipotea kabla ya goti, na likirudi kidogo kwenye goti lenyewe, kwa kuwa askari hupiga magoti.

Ukipata nafasi ya kusimama mbele ya sanamu kama hii, uso utakuvuta kwanza, kwa kuwa macho hutafuta macho. Uache usubiri. Inama, uangalie kwapa, kisha nyuma ya goti. Hapo ndipo utakapomjua fundi.